HESABU YA SHOMORO

Hotuba hii ilitolewa na mfasiri mmoja wa serikali mbele ya mkutano wa walimu, wazazi na vijana. Tunaipiga chapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.



Nimeombwa niseme nanyi habari za safari yangu ya Uingereza. Najua ya kwamba wengi wenu mnatazamia kusikia habari za magari-moshi yapitayo chini ya ardhi, na majumba makubwa, na maduka yenye taa elfu. Hayo mmekwisha kuyasikia kwa wengine, na wengine wenu mmeyaona wenyewe. Mimi nimechagua jambo dogo. Nataka kuwasimulia asubuhi moja ya baridi kali, nilipotembea na mama mmoja mzee katika vijia vya mtaa wake, tukitazama ndege.

Msicheke. Kabla sijamaliza nitawaonyesha ya kwamba asubuhi ile ilinitia haya kuliko mtihani wowote niliopata kushindwa, na ya kwamba haya ile imenifaa sana.

Nilikuwa nimepelekwa huko miezi sita kuongeza maarifa katika kazi yangu ya ufasiri. Nikapanga chumba katika kitongoji kiitwacho Twickenham, upande wa kusini-magharibi wa London, ukingoni mwa mto Thames. Huko nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta kama meno. Kila nyumba ina bustani ndogo mbele na nyingine nyuma, na ua wa mimea hutenganisha jirani na jirani. Mwenye nyumba yangu alikuwa mjane wa miaka zaidi ya sabini, nami nikimwita Mama, kwa kuwa mdomo wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake tupu.

Ilikuwa siku za mwisho za mwezi wa Januari. Wakati huo jua la Uingereza huchomoza karibu saa mbili kasorobo, nalo hutua kabla ya saa kumi na moja ya jioni, na kati ya saa hizo hutoa mwanga lakini halitoi joto. Miti mingi imepukutika majani yote, hata mgeni hudhani imekufa. Mama akaniambia, “Leo ni siku ya kuhesabu ndege. Lakini huwezi kuhesabu usichokijua. Vaa koti, twende kwanza nikutambulishe kwao.”

Nilistaajabu. Nilidhani ya kwamba katika baridi kama ile ndege wote wamekufa au wamehama. Mama akasema ya kwamba majira ya baridi ndiyo mazuri ya kujifunza, maana mti usio na majani hauwezi kumficha mtu wala ndege.

Hatukufika hata mwisho wa njia alipotuonyesha wa kwanza. Alikuwa ameketi juu ya mpini wa sepetu iliyoachwa bustanini, mdogo, mviringo kama limau, kifua chake chekundu kama udongo wa kwetu. Huyo ndiye robin. Alikuwa anaimba. Mama akanieleza ya kwamba katika majira ya baridi dume na jike kila mmoja hulinda shamba lake mwenyewe, na wimbo ule ninaousikia mtamu, kwao ni maneno makali: “Huu ni mpaka wangu, usivuke.” Taa za barabarani nazo humdanganya, akaimba hata usiku wa manane.

Wa pili alikuwa ndege mweusi tititi, mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, akipindua majani makavu chini ya ua kama mtu atafutaye shilingi iliyomponyoka. Mke wake ni wa rangi ya kahawia. Mkumbukeni ndege huyu, maana nitarudi kwake.

Kisha tukakuta kundi juu ya mti wenye matunda madogo mekundu. Walifanana na madoadoa yaliyopeperuka, na chini ya bawa palikuwa na alama nyekundu kama damu. Mama akasema, “Hawa ni wageni. Wametoka nchi za kaskazini, Skandinavia na kwingineko, wakikimbia baridi.” Nikamwuliza, “Wakikimbia baridi wakaja hapa?” Akacheka. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu, kumbe kwa wenzangu wale Twickenham ilikuwa ni Mombasa!

Katika bustani ya jirani niliona kifuko cha waya kimetundikwa, ndani yake karanga. Karanga zile zile tunazolima sisi! Ndege wadogo wa rangi ya buluu na manjano walikuwa wakining’inia juu yake kichwa chini, miguu juu. Uzito wa ndege yule ni kama gramu 11 tu. Usiku wa baridi hula akiba ya mafuta ya mwili wake ili asife, na kunapokucha hana budi kutafuta tena kutwa nzima, kwa mchana ule mfupi, apate kuuona usiku mwingine. Majira ya baridi ya mwaka 1962 na 1963 yalikuwa makali mno, na ndege wadogo wengi sana wa Uingereza waliangamia. Kwa hiyo karanga zile si mchezo wa wazee wasio na kazi. Kwa ndege ni posho.

Ghafula nikasikia kelele juu, nikainua macho, nikaona kasuku. Si mmoja, bali kundi zima, kijani kibichi, wakipita juu ya mapaa katika anga la rangi ya majivu. Nilisimama nikidhani baridi imenipanda kichwani. Mama akanieleza ya kwamba asili yao ni Asia na Afrika, waliletwa kama ndege wa kufugwa, wakaponyoka au wakaachiliwa, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanazaana huko wenyewe. Akasema, “Walikuja kama wewe, ila hawa hawana tikiti ya kurudi.”

Chini ya paa moja tuliona viota vitatu vya udongo, vitupu. Hapo nikafurahi, maana hicho nilikijua. Nikasema, “Mbayuwayu!” Mama akaniitikia ya kwamba ndio, ni jamii ya mbayuwayu, nao huondoka mwisho wa majira ya joto. “Wenyewe,” akasema, “wako kwenu.”

Akanisimulia ya kwamba zamani wazungu wengi walisadiki kuwa mbayuwayu hulala matopeni chini ya maziwa wakati wa baridi. Hata mwaka 1911, mwezi wa Mei, bwana mmoja wa Staffordshire, jina lake John Masefield, akamfunga mbayuwayu mmoja pete ndogo mguuni yenye nambari na anwani, akamwachilia. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege mwenye pete ile akaonekana Natal, Afrika Kusini, na barua ikaandikwa kutoka huko. Pete moja, barua moja, na uongo wa miaka mingi ukafa. Mabwana, ndege mwenye uzito wa barua alivuka bara letu zima, nasi tulikuwa hatujui kama ni mgeni wa kwao au mwenyeji wa kwetu.

Tukarudi nyumbani. Mama akachemsha chai, akaniketisha dirishani, akanipa penseli na karatasi. Sasa nisikilizeni, maana utaratibu wenyewe ni rahisi hata mtoto wa darasa la pili aweza kuufuata. Ulianza mwaka 1979, nao ulianzishwa kwa ajili ya watoto. Waliofikiri wangepata majibu ya mamia walipata ya watu 34,000. Mwaka 2024 watu zaidi ya 600,000 walishiriki. Kila mtu huketi saa moja tu, mara moja kwa mwaka, akitazama bustani yake au uwanja ulio karibu. Huandika kila aina ya ndege waliotua, na idadi kubwa kabisa aliyoiona kwa wakati mmoja. Kwa nini kwa wakati mmoja? Kwa sababu robin akija mara tano, huenda ni yule yule. Ukiandika watano umedanganya. Lakini ukiona wawili pamoja, hao ni wawili bila shaka. Kisha karatasi hupelekwa kwa wataalamu, wao huziunganisha.

Katika saa yetu nilimwona robin mmoja, wale weusi wawili, wa buluu wanne, na kasuku watatu walioharibu karamu ya wengine. Dakika za mwisho wakaja shomoro. Mama akashika mkono wangu kana kwamba amekuja simba. “Wangapi?” akauliza kwa kunong’ona. Nikasema, “Ni shomoro tu, Mama. Watatu.” Akasema, “Andika watatu. Na neno hilo ‘tu’ uliache.”

Ndipo aliponisimulia habari iliyo kiini cha hotuba yangu.

Mwaka 1925, kijana mmoja wa miaka 21, jina lake Max Nicholson, aliingia na ndugu yake katika bustani kubwa ya Kensington, katikati ya London, wakahesabu shomoro wote. Fikirini watu waliowapita waliwaza nini. Nani ahesabuye shomoro? Ni kama kuhesabu nzi wa sokoni. Walakini walihesabu, wakapata 2,603, wakaandika.

Miaka ikapita. Mwaka 1948 wakahesabiwa tena mahali pale pale: 885. Mwaka 1975: 544. Mwaka 1995: 46. Na mwaka 2000, miaka 75 baada ya hesabu ya kwanza, katika bustani ile ile walionekana shomoro wanane. Kijana aliyehesabu 2,603 alikuwa bado hai, mzee wa miaka 96.

Wanane! Na London haikupigwa kengele. Hapakuwa na siku moja ambayo mtu aliamka akasema, “Leo shomoro wamekwisha.” Waliondoka mmoja mmoja, kama punje zitokazo katika gunia lenye tundu. Kama si karatasi ya vijana wale wawili, wazee wangesema, “Zamani walikuwa wengi,” na vijana wangejibu, “Wazee husema hivyo kila siku.”

Wataalamu wametafuta sababu, wala hawakuona moja tu. Hapo kwanza farasi walikuwa wengi barabarani, na nafaka iliyomwagika katika malisho yao ilikuwa chakula cha shomoro. Motokaa zilipokuja, chakula kile kikaisha. Lakini motokaa peke yake haitoshi kueleza anguko la miaka ya baadaye. Watu walitengeneza mapaa yao vizuri, matundu ya viota yakazibwa. Nyua za mimea ziling’olewa, bustani zikafunikwa kwa mawe ili kuweka magari. Tena shomoro mkubwa hula mbegu, lakini makinda yake yanahitaji wadudu siku za kwanza. Palipokosekana wadudu, makinda yalikufa njaa viotani. Utafiti mwingine umeona ugonjwa wa malaria ya ndege katika shomoro wa London. Katika hesabu ile ya kila mwaka, shomoro waonekanao bustanini wamepungua zaidi ya nusu tangu mwaka 1979. Na ajabu ni hii: kwa miaka mingi bado yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kwanza katika orodha. Kumbe kiumbe chaweza kuwa cha kwanza kwa wingi, na huku kinakwisha.

Mama alipomaliza akamimina chai ya pili, akaniuliza swali jepesi kabisa. “Na kwenu, nyumbani kwa wazazi wako, ukifungua mlango asubuhi, unaona ndege gani?”

Mabibi na mabwana, mimi ni mfasiri. Kazi yangu ni majina ya vitu. Hupewa barua ya Kiingereza asubuhi, na jioni huirudisha kwa Kiswahili, wala haikosi neno. Nikafungua mdomo. Nikasema, “Kunguru.” Nikasema, “Njiwa.” Nikafikiri. Nikasema, “Na wale wadogo.”

“Wadogo gani?” akauliza Mama, penseli mkononi.

Sikuwa na neno. Si kwa Kiingereza, si kwa Kiswahili, wala si kwa lugha niliyonyonya kwa mama yangu. Saa mbili nilizotembea Twickenham zilinipa majina ya ndege wengi wa Uingereza kuliko niliyopata kwetu kwa miaka kumi na minane.

Mama hakunicheka. Alijua ya kwamba mimi ni mtu wa Taita. Akainuka, akaleta kitabu kikubwa, akafunua ukurasa, akanionyesha picha. “Huyu,” akasema, “ni ndugu wa yule mweusi wetu wa bustanini, wa ukoo mmoja. Tazama mdomo wake wa rangi ya chungwa. Waingereza humwita kwa jina la nchi yenu, kwa sababu haonekani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika milima ya Taita. Yumo katika vipande vichache tu vya msitu: Mbololo, Ngangao, Chawia. Msitu ukiisha, naye ameisha. Nimetamani maisha yangu yote kumwona. Wewe umemwona?”

Nikajibu, “Sijui, Mama.” Na hilo lilikuwa jibu baya zaidi kuliko kusema sikumwona.

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima, na ilinibidi kwenda mpaka Twickenham niambiwe.

Niliporudi, nilikwenda nyumbani likizo ya kwanza na daftari la shule. Nikaketi na nyanya yangu nje ya jiko lake siku nne, saa moja kila asubuhi. Kila ndege aliyepita nilimwuliza, “Huyu je, nyanya?” Naye hakusitasita hata mara moja. Huyu hulia kabla ya mvua za masika. Huyu afuata jembe akiokota mabuu. Huyu akipiga kelele kichakani, usiingie, kuna nyoka. Nikaandika majina ishirini na saba. Siku ya mwisho nikamwuliza habari za ndege wa msituni mwenye mdomo wa chungwa. Akanyamaza kidogo, kisha akamtaja jina. Akasema, “Tulikuwa tukimsikia tulipokwenda kuokota kuni, nikiwa msichana. Wakati ule msitu ulikuwa karibu.” Akanitazama, akaongeza, “Nilidhani shuleni wamekufundisha vyote.”

Jina lile sitalitaja hapa leo. Vijana wa kwetu waliomo humu nataka wakaliulize wenyewe, kwa nyanya zao, upesi, maana majina hayo nayo yanatoka kama punje za gunia. Niliwauliza watoto wa ndugu zangu majina yale ishirini na saba. Aliyejua mengi alijua manne.

Basi nawasihi mambo matatu.

La kwanza, chagueni mahali pamoja, uwanja wa shule, ukingo wa shamba, au mti ulio mbele ya nyumba ya kupanga mjini, mkaketi saa moja, mara moja kwa mwaka, mwezi ule ule. Andikeni mlichokiona, na idadi kubwa ya wakati mmoja. Andikeni tarehe. Msidharau yeyote aliye wa kawaida. Hasa huyo ndiye wa kuandikwa.

La pili, kando ya kila ndege andikeni jina lake kwa lugha ya nyumbani, mkimtaja mzee aliyewaambia. Mwalimu aweza kuifanya iwe kazi ya darasa, nayo haihitaji fedha ila daftari na penseli.

La tatu, msifikiri ya kwamba kazi hii ni ya wazungu. Hapa Kenya tuna wenye kuifanya. Chama cha watu wapendao viumbe vya Afrika Mashariki kimekuwako Nairobi tangu mwaka 1909, na kwa miaka mingi kimekuwa na matembezi ya Jumatano asubuhi ya kutazama ndege. Wataalamu wa Makumbusho yetu, pamoja na watu wa kujitolea, wamehesabu ndege wa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990. Na huko Ngulia, ndani ya Tsavo, tangu mwaka 1969 ndege wasafiri wanaovutwa na taa katika usiku wa ukungu hunaswa kwa nyavu, hufungwa pete, huachiliwa waendelee na safari. Nendeni, mtapokewa.

Mwaka huu, siku za mwisho za Januari, niliketi kwa nyanya yangu nikahesabu. Nilipeleka barua Twickenham yenye majina tisa na idadi zake. Mama alinijibu. Kwake mwaka huu waliotua ni shomoro wawili. Hakuandika neno “tu”.